Joseph Thomson, Msafiri wa Hema Aliyepita Kwetu Kabras

Mwaka huu mhariri wa jarida letu aliniomba niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wengi wetu huchagua wafalme, washairi na wapigania uhuru, na kwa kweli wanastahili. Mimi nimemchagua mzungu mmoja aliyelala katika hema, jina lake Joseph Thomson. Katika mkutano wa chama wapo walioguna, eti tumechoka na habari za wazungu. Naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa vile nina deni, na deni lenyewe lilianzia kando ya Mto Nzoia.

Likizo ya Agosti chama chetu cha Kiswahili kilipiga kambi ya siku mbili kando ya mto huo. Tulikuwa watu kumi na wanne pamoja na mwalimu mlezi. Kutoka Butali tulikwenda kwa miguu, mwendo wa karibu saa tatu, tukikata mashamba ya miwa, tumebeba sufuria, maharagwe, blanketi na mahema matatu ya kuazima. Mwalimu alibaki nyuma kidogo na baiskeli iliyobeba unga. Pale mtoni hapakuwa na mfereji, choo wala taa. Choo tulichimba wenyewe kwa jembe. Maji ya kunywa tulichemsha. Mimi ndimi niliyekuwa kiongozi wa kambi, na mtu akipewa ukubwa akiwa na miaka kumi na sita, kichwa huvimba kidogo.

Nilichagua mahali pa kusimamisha mahema. Ulikuwa uwanja mzuri wa nyasi, umelala sawasawa kama meza, hatua chache tu kutoka majini. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alipita, akatuambia tusogee juu, kwa maana mvua ilikuwa ikinyesha huko milimani. Nilimshukuru kwa adabu, lakini sikusogea. Kwetu mbingu ilikuwa safi. Hema zuri, lile lisilovuja, tulilichukua sisi wa kidato cha tatu, tukalisimamisha palipoinuka kidogo. Wadogo wa kidato cha kwanza tukawapa lile bovu la chini. Mwalimu alipofika jioni aliniuliza kama nilikuwa nimewauliza wenyeji kuhusu mahali pale. Nikamjibu kwamba ndiyo. Sikumwambia wenyeji walisema nini.

Saa nane za usiku maji yalikuja kimyakimya. Hakukuwa na radi wala upepo. Watoto wa kidato cha kwanza waliamshwa na blanketi zilizolowa, wakapiga mayowe, tukakurupuka wote. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyezama. Lakini gunia la unga lilikwenda, blanketi mbili zilikwenda, na viatu vya shule vya mtoto mmoja vilikwenda na maji kuelekea Budalangi. Tulikaa kilimani mpaka kukapambazuka, tukitetemeka kama vifaranga.

Mwalimu hakunichapa. Shule ilipofunguliwa alinipa kitabu kikuukuu kutoka kabatini, akaniambia nisome juu ya kijana aliyeongoza kambi nyingi kuliko mimi, kisha niandike. Nilidhani ni adhabu nyepesi. Kumbe!

Joseph Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti. Baba yake, William, alikuwa fundi wa mawe, na baadaye akawa na machimbo ya mawe. Mtoto huyu alikulia kati ya mawe na mito, na tangu utotoni alipenda kuokota mawe na kuyachunguza. Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, akajifunza jiolojia, yaani elimu ya mawe na ardhi. Mimi nyumbani nikiokota mawe huambiwa naleta nyoka. Yeye mawe hayohayo yalimpa kazi.

Mwaka 1878 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilikuwa kikituma msafara kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi maziwa ya bara. Kiongozi wake alikuwa Keith Johnston, mtaalamu wa ramani. Thomson aliomba kwenda, akachukuliwa kama mtaalamu wa mawe. Alikuwa na miaka ishirini tu.

Walifika Unguja, na huko wakamwajiri mnyapara mmoja ambaye nataka mlikumbuke jina lake: Chuma. Huyu ndiye aliyekuwa pamoja na Livingstone, na Livingstone alipokufa mwaka 1873, yeye na Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka pwani. Chuma aliijua njia, aliwajua wapagazi, na alijua namna ya kuzungumza na watu wa kila nchi. Msafara uliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879, ukiwa na wapagazi zaidi ya mia moja.

Haukupita muda mrefu, Johnston akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alifariki tarehe 28 Juni 1879 mahali panapoitwa Behobeho, ambapo leo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere nchini Tanzania. Wakamzika. Sasa tazama mambo. Thomson alikuwa na miaka ishirini na mmoja, katika nchi asiyoijua, lugha hajaizoea, na watu zaidi ya mia wanamtazama yeye. Angerudi pwani nani angemlaumu? Lakini aliamua kuendelea. Hapa wengi humsifu kwa ushujaa, na mimi pia nilianza hivyo. Lakini nilipoendelea kusoma niliona kwamba kuamua si kufika. Aliyefanya uamuzi ule uwezekane ni Chuma. Thomson alikuwa na akili ya kutosha kutambua kwamba kijana wa miaka ishirini na mmoja hawezi kumfundisha Chuma njia.

Walifika Ziwa Nyasa, kisha Ziwa Tanganyika. Thomson akauona Mto Lukuga, ambao wataalamu wa wakati ule walikuwa wakibishania, akathibitisha kwamba maji yake yanatoka ziwani kwenda upande wa magharibi. Alitaka kwenda mbele mpaka Mto Kongo, lakini wenyeji wa huko wakamkatalia njia. Akarudi. Wakati wa kurudi aliliona Ziwa Rukwa, na mwaka 1880 akafika pwani salama.

Kuna jambo moja la safari hiyo lililonichekesha na kunifikirisha pia. Siku zile makosa ya wapagazi yaliadhibiwa kwa viboko. Thomson hakupenda kuchapa watu, akaona heri awatoze faini, yaani akate mshahara wao. Wapagazi wakagoma wote. Waliona viboko vinaumiza siku moja tu, lakini mshahara ukikatwa unaumiza watu wa nyumbani. Ikabidi mzungu asalimu amri. Hapo nilijifunza kwamba hata mtu mwenye nia njema anaweza kuwaonea watu, iwapo hajawauliza wao wanaonaje.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimwajiri Thomson aende Mto Ruvuma kutafuta makaa ya mawe. Sultani alikuwa na meli za moshi, naye alitamani kupata makaa katika nchi yake mwenyewe. Thomson alikwenda, akachunguza, akakuta mawe meusi yasiyowaka vizuri. Akarudi akamwambia Sultani ukweli kwamba hakuna makaa. Sultani hakufurahi hata kidogo. Lakini ukweli ni ukweli, hata ukimwudhi mwenye kukulipa.

Sasa tufike kwenye safari iliyomleta kwetu. Mwaka 1883 Chama cha Jiografia kilimtuma atafute njia fupi kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kupitia nchi ya Wamaasai. Wafanyabiashara Waswahili walikwisha kuipita sehemu kubwa ya njia hiyo miaka mingi, wakifuata pembe za ndovu. Kwa hivyo tukisema aliigundua, tunawakosea wale waliomtangulia. Chuma hakuwepo tena, kwani alifariki mwaka 1882. Badala yake Thomson aliwachukua Muinyi Sera, ambaye aliwahi kuongoza wapagazi wa Stanley, na Makatubu, aliyekuwa naye katika safari ya maziwa. Alikuwepo pia James Martin, baharia mzaliwa wa Malta.

Waliondoka pwani mwezi Machi 1883. Mizigo yao ilikuwa nguo, shanga na seng'enge, kwa maana hizo ndizo zilizokuwa pesa za njiani. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo thelathini kichwani au begani. Mimi nilibeba sufuria na hema kutoka Butali hadi Nzoia, shingo ikaniuma siku tatu. Wao walibeba kutoka bahari ya chumvi hadi kwetu, tena wengi wao bila viatu.

Na kambi yao ilikuwaje? Hema la mzungu lilisimamishwa na watu wake. Mizigo ilirundikwa pamoja ili ichungwe. Wapagazi walikata matawi na majani, wakajitengenezea vibanda vya usiku mmoja, wakawasha mioto na kupika. Katika nchi ya Wamaasai walizungushia kambi boma la miiba, na walinzi wakakesha. Kila jioni kazi hiyo ilianza upya, hata kama watu wamechoka namna gani. Sisi tulisimamisha mahema matatu tukajiona tumejenga jiji.

Mara ya kwanza Thomson alishindwa. Mjerumani mmoja, Daktari Fischer, alikuwa ametangulia kuingia nchi ya Wamaasai, na watu wake walikuwa wamepigana na wenyeji. Wamorani wakawa na hasira na kila mgeni. Thomson alipopata habari kwamba anaweza kushambuliwa, hakujitia ubabe. Aliwaondoa watu wake usiku karibu na Kilimanjaro, akarudi Taveta, na kutoka huko akaenda mbio mpaka Mombasa kuongeza watu na bidhaa. Huenda wapo waliomcheka. Lakini watu wake walikuwa hai. Inasemekana alipenda msemo mmoja wa Kiitalia ambao maana yake haiko mbali na methali yetu ya mwenda pole hajikwai.

Mara ya pili, mwezi Julai 1883, aliungana na msafara mkubwa wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia ya mpaka Kavirondo. Kabla ya kuondoka Taveta, watu walikaa siku nyingi wakitunga shanga upya katika nyuzi za kipimo wanachokitaka Wamaasai. Ukipeleka shanga za kipimo kingine, hazinunui kitu. Hiyo ndiyo elimu ambayo haimo katika ramani, na waliokuwa nayo ni watu kama Kimameta.

Walipita Ngong na Naivasha. Thomson akaupanda mlima Longonot na kuchungulia shimo lake. Njiani ilibidi watoe hongo kwa wamorani, na mara nyingi walizungukwa na watu wenye mikuki. Thomson alijifanya mganga. Alikuwa na meno mawili ya bandia, akayatoa na kuyarudisha mbele ya watu, nao wakashangaa. Tena alitia chumvi ya Eno ndani ya maji, ile ile ambayo leo mama zetu huinunua dukani tumbo likijaa gesi, maji yakafoka, akayanywa. Mpaka hapo darasa letu zima lilicheka. Lakini jambo hili si la kucheka tu. Alikuwa akidanganya watu waliompokea katika nchi yao. Alidanganya ili asipigane, hilo ni kweli, na huenda uongo huo uliokoa roho za watu wa pande zote mbili. Mimi uongo wangu wa Nzoia haukuokoa hata unga.

Milima ya Nyandarua aliita Aberdare, jina la rais wa Chama cha Jiografia, ingawa milima ile ilikuwa na jina lake tayari. Maporomoko ya maji ya Nyahururu nayo yakaitwa Thomson, na mji wenyewe ukabeba jina hilo miaka mingi. Hata swala mdogo wa nyikani mwenye mstari mweusi ubavuni amebaki na jina lake, ndiye tunayemwita swala tomi.

Kutoka Ziwa Baringo alipanda Elgeyo, akakata uwanda wa Uasin Gishu ambao siku zile ulikuwa mtupu, hauna watu, kwa sababu ya vita vya Wamaasai wao kwa wao. Baada ya nyika hiyo, mwisho wa mwaka 1883, msafara ulishuka ukaingia kwetu. Ndiyo, ndugu msomaji, kwetu Kabras! Katika kitabu chake ameandika Kabaras, akiwa ameongeza irabu moja. Nilipoliona jina hilo katika karatasi ya manjano niliruka, nikampelekea kukhu kitabu jikoni ingawa yeye Kiingereza hasomi. Watu waliokuwa wamezoea nyama na njaa ya nyikani walikuta nchi ya mashamba: wimbi, mtama, viazi vitamu, karanga na kuku. Miwa hii tunayoijua leo, inayofika mpaka kwenye mlango wa nyumba, haikuwepo namna hiyo. Vijiji vingi vya sehemu hizi vilizungushiwa kuta za udongo na mitaro, kwa kuogopa mashambulizi.

Kutoka hapa alikwenda mpaka kwa Shiundu, mahali ambapo sasa tunapaita Mumias. Nabongo Shiundu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mwanawe kijana, Mumia, ndiye aliyekalia kiti. Kwa hivyo walikutana vijana wawili, mmoja mgeni wa miaka ishirini na mitano na mwingine mfalme mpya. Mumia alimpokea vizuri. Mto Nzoia ilibidi auvuke, kisha akapita Samia na mwezi Desemba 1883 akayafikia maji ya Ziwa Viktoria. Alitamani kwenda mbele mpaka mto Nile, lakini alikuwa mgonjwa wa homa na bidhaa zilikuwa zimepungua. Akageuka.

Akiwa njiani kurudi alifika Mlima Elgon, akaona mapango makubwa ambamo watu waliishi pamoja na ng'ombe wao. Alifikiri kwamba mapango yale yalichimbwa zamani na wageni wenye ujuzi mwingi, pengine Wamisri. Alikosea. Siku hizi inajulikana kwamba mapango yale ni kazi ya maumbile, na ndovu nao huyapanua kwa kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Hata msomi hukosea akianza na fikira kwamba wenyeji hawawezi.

Tarehe 31 Desemba 1883 alimpiga nyati risasi. Alidhani amekwisha kufa, akamsogelea bila kungoja. Lo! Nyati aliinuka, akamrusha juu kama furushi na kumjeruhi vibaya pajani. Watu wake walimwua nyati yule wakamwokoa bwana wao. Ikabidi abebwe kwa machela. Baadaye akashikwa na kuhara damu, ugonjwa uleule uliomwua Johnston, akalala wiki nyingi akingojea kufa. Watu wale wale aliokuwa amewalinda usiku kwa usiku wasitoroke ndio waliombeba mpaka pwani, wakafika mwezi Mei 1884. Nilisoma sehemu hii mara mbili. Wangeweza kumwacha. Nani angejua?

Huko Ulaya alisifiwa sana. Mwaka 1885 alichapisha kitabu chake juu ya nchi ya Wamaasai na akapewa nishani ya dhahabu ya Chama cha Jiografia. Mwaka huohuo alikwenda Sokoto, huko ambako leo ni Nijeria, kufanya mikataba kwa ajili ya kampuni ya biashara. Mwaka 1888 alisafiri katika milima ya Atlas nchini Moroko. Mwaka 1890 Cecil Rhodes alimtuma kwenda Katanga, naye hakufika, kwani ndui iliingia katika msafara na yeye mwenyewe akaugua. Afya yake haikurudi tena. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka thelathini na saba tu.

Husifiwa kwamba katika safari zake hakuanzisha vita na wenyeji. Ukimlinganisha na wengine wa wakati wake, sifa hiyo si ndogo. Lakini njia ni kama mlango. Ukiufungua, huchagui atakayeingia nyuma yako. Askofu Hannington aliifuata njia hiyo mwaka 1885, akauawa Busoga mwezi Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Baadaye wakaja maofisa na askari. Mwezi Julai 1895, mwezi mmoja tu kabla ya Thomson kufa, Uingereza ilitangaza kuwa Afrika Mashariki iko chini ya ulinzi wake. Sehemu zetu wakati huo zilihesabiwa Uganda, mpaka mwaka 1902 zilipohamishwa. Na katika mwaka huohuo wa 1895, pale Chetambe karibu na Webuye, juu ya mto huu huu wa Nzoia, ndugu zetu Wabukusu walipigwa kwa bunduki za Waingereza na watu wengi wakafa. Thomson hakuwepo na hakupiga risasi hata moja. Lakini ramani yake ilikuwepo.

Nilipomaliza kusoma nilimsimulia kukhu habari zote hizi, kuanzia Penpont mpaka London. Alisikiliza akichambua maharagwe. Mwishoni akauliza swali moja tu: mvua ikinyesha, ni nani waliolala nje ya hema? Nikanyamaza. Nilijua anauliza juu ya wapagazi, lakini nilisikia kama ananiuliza mimi juu ya watoto wa kidato cha kwanza.

Hiyo ndiyo sababu nimeandika majina ya Chuma, Muinyi Sera, Makatubu na Jumbe Kimameta. Hao angalau wametajwa katika vitabu. Wapagazi wengine wengi hata hatujui walizikwa wapi. Swala ana jina la Thomson, maporomoko yana jina la Thomson, lakini sijasikia kilima kinachoitwa Makatubu.

Je, Thomson alikuwa mtu mwema au mbaya? Tulibishana chamani mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Mimi naona alikuwa kijana jasiri, mwenye kiburi kidogo na huruma kiasi, aliyefika mbali kila alipowasikiliza waliojua kuliko yeye, na aliyeumia alipoharakisha. Kazi yake ilitumiwa na watu waliokuwa na nia nyingine, na pengine hakujisumbua sana kuuliza wataitumia vipi. Mtu anaweza kusifiwa kwa jambo moja na kulaumiwa kwa jingine siku hiyohiyo.

Sasa deni langu. Mwalimu, nilikwambia nimewauliza wenyeji, na ilikuwa kweli nusu. Yule mzee mchungaji alinionya wazi kwamba mto utajaa. Nilimpuuza kwa sababu mimi ndimi kiongozi na yeye ni mchunga ng'ombe. Tena hema zuri nilijichukulia mimi. Wenzangu wa kidato cha tatu hawakusema kitu, lakini uamuzi ulikuwa wangu. Jumamosi nne nimefanya kibarua cha kupalilia miwa, na viatu vya yule mdogo wetu vimepatikana sokoni. Unga bado, nitalipa.

Chama kimekubali kwamba mwakani tutarudi Nzoia. Sijui kama mimi ndimi nitakayechaguliwa kuongoza, na sitanung'unika nisipochaguliwa. Lakini nikipewa nafasi, nitaanza kwa kumtafuta yule mzee na kumwomba radhi, kisha nimwombe atuonyeshe mahali pa kupiga kambi. Wadogo watalala katika hema lisilovuja. Sisi wakubwa tutachukua lile bovu, na mvua ikinyesha tutakuwa na la kusimulia katika jarida lijalo.